Injili, Matendo au Waraka: ushike somo lipi kuhubiri Jumapili za Pasaka?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna swali linanirudia kila mwaka Kwaresima ikielekea ukingoni, na najua siko peke yangu maana wainjilisti wenzangu huwa wananipigia simu na swali hilo hilo, mwingine Jumamosi saa tatu usiku. Kalenda imetoa masomo matatu na Zaburi juu yake, mimi nina dakika ishirini za mahubiri, sasa nashika lipi? Pasaka yenyewe haina shida, kaburi liko wazi, kwaya imeshona sare mpya, hata ukihubiri vibaya watu wataitika haleluya. Shida inaanza Jumapili inayofuata, kanisa limepungua nusu, na ukihesabu na hiyo unakuta una Jumapili sita mbele yako kabla Pentekoste haijafika.

Mimi ni mwinjilisti wa kujitolea, mchana niko kwenye duka la steshenari hapa Dodoma mjini natoa kopi na kuuza daftari, kwa hiyo haya si ya darasani. Nimeshajaribu kushika Injili msimu mzima, nikajaribu Matendo, nikajaribu waraka, na kila njia imenipa raha yake na aibu yake.

Kwanza tuelewane kuhusu kalenda, maana kuna watu wanahubiri miaka kumi hawajui kwa nini masomo yanabadilika. Kipindi cha Pasaka ni siku 50, kuanzia Jumapili ya Ufufuko mpaka Pentekoste, na Kupaa kunakaa siku ya 40 ambayo ni Alhamisi, ingawa kuna sehemu wanakuhamishia Jumapili. Makanisa mengi yanafuata mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Kujua uko mwaka gani chukua mwaka ambao Pasaka inaangukia, jumlisha tarakimu zake, gawanya kwa 3. Isipobaki kitu ni C, ikibaki 1 ni A, ikibaki 2 ni B. Jaribu na 2025, jumla ni 9, haibaki kitu, ulikuwa C. 2026 jumla ni 10, inabaki 1, ni A. 2027 ni B.

Sasa ikifika Pasaka mpangilio wa kawaida unavurugika. Agano la Kale linapisha na somo la kwanza linakuwa Matendo ya Mitume. Somo la pili, ambalo hapa naliita waraka, linategemea mwaka, A ni 1 Petro, B ni 1 Yohana, C ni Ufunuo. Injili nayo, mwaka wowote ule, karibu yote inakuwa Yohana. Angalia kalenda ya kanisa lako lakini, maana Wakatoliki na wale wa kalenda ya pamoja ya Waprotestanti wanapishana mistari, hasa kwenye Matendo, na kuna makanisa kalenda yao inakuja na wazo kuu la Jumapili limeshaandikwa, kama ndo lako basi nusu ya kazi umefanyiwa.

Napimia nini

Ukisema tu "hili somo ni zuri" hujasema kitu, yote ni Neno la Mungu. Kwa hiyo mimi nina vitu vinne. Muda, yaani kati ya Jumatatu na Jumamosi unahitaji kukaa na somo kiasi gani kabla halijaanza kukuambia kitu. Cha pili ni mtu aliyekosa Jumapili iliyopita, na kwetu hiki kigezo ni kizito kuliko unavyodhani, Aprili mtama na uwele umeshatoa masuke watu wanashinda shambani kuwinga ndege, na mjini nako Bunge la bajeti limeanza, viti vya mbele vimejaa wageni ambao wiki ijayo huwaoni. Cha tatu mimi nakiita Jumatatu: huyu mtu akiwa kwenye daladala Jumatatu asubuhi atakuwa anakumbuka nini? Na cha mwisho ni mtego, kila somo lina shimo lake ambalo wahubiri tunatumbukia, tena wengine tunatumbukia kila mwaka palepale.

Ukishika Injili

Muda. Yohana anadanganya. Maneno yake mepesi, kaa, penda, jua, ulimwengu, mtoto wa shule ya Jumapili anayasoma bila kukwama, ndo maana watu wanaliacha mpaka Jumamosi. Ukilifungua hiyo Jumamosi unakuta sentensi inazunguka inarudi palepale, mimi ndani ya Baba na Baba ndani yangu, nanyi ndani yangu, saa tano usiku bado umeshika kalamu. Jumapili ya pili ni rahisi, miaka yote mitatu ni Tomaso, Yohana 20:19-31, ukiandaa vizuri mara moja unakuwa na msingi wa kila mwaka. Ya tatu nayo ina hadithi, mwaka A ni njia ya Emau kwenye Luka 24, mwaka C ni Yesu ufukweni na wale samaki 153. Ya nne ni Mchungaji Mwema, Yohana 10 imekatwa vipande vitatu kwa miaka mitatu. Kuanzia ya tano ndo mlima unapoanza, sura ya 13 mpaka 17, hakuna tukio, ni Yesu anaongea mezani. Hizo zianze Jumatatu, sikutanii.

Aliyekosa wiki iliyopita hapotezi kitu. Kila kipande cha Injili kinasimama chenyewe, mgeni wa Bunge akiingia Jumapili ya nne atakutana na mchungaji na kondoo na ataondoka na mchungaji na kondoo.

Jumatatu, hapa Injili inashinda masomo yote kwa picha, na sisi wa Dodoma tumependelewa. Mwaka 2024, mwaka B, Jumapili ya tano ilikuwa "Mimi ni mzabibu", na badala ya kusoma vitabu nikapanda pikipiki Jumatano nikaenda Hombolo kwa mzee mmoja mwenye shamba la zabibu. Nikamkuta anapogolea. Anashika tawi lenye majani mazuri kabisa ya kijani, mimi moyo unaniuma, analikata kwa mkasi, anabakiza macho mawili matatu tu, linalobaki linaonekana kama kijiti kimekufa, halafu pale alipokata panaanza kutoka maji, tone, tone. Nikamuuliza mzee hapa si unaua? Akacheka, akasema hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka, usipokata utavuna majani. Biblia yetu ya Union inasema tawi lizaalo "hulisafisha", neno ambalo mtu anaweza kufikiri ni kufuta vumbi, sasa jaribu kuhubiri hilo baada ya kuona yale maji yanadondoka. Nilichukua vile vijiti viwili kwenye mfuko wa rambo nikavipandisha nao madhabahuni. Mpaka leo kuna mama akiniona anauliza "mwinjilisti, vijiti vyako vilichipua?"

Mtego. Kwanza wa picha yenyewe. Mwaka mmoja nilihubiri Yohana 10 kwenye mtaa mmoja upande wa Chamwino, nikaeleza kwa madoido kwamba mchungaji huwatangulia kondoo nao humfuata, mstari wa 4, watu wanatikisa vichwa nikadhani wamebarikiwa. Baada ya ibada mzee akanishika mkono. "Mwinjilisti, wewe umewahi kuchunga?" Nikamwambia hapana mzee, nimekulia mjini. Akasema, "Huku kwetu mchungaji anakaa nyuma. Ukitangulia, fisi anakula wa nyuma na wewe unapiga mluzi huko mbele hujui. Anayetangulia ni ng'ombe anayejua njia ya lambo." Nilikosa jibu. Nilivyopata nafasi ya kurudi kwenye sura hiyo nikaanza na swali lake, kwamba sisi tunaswaga kwa fimbo kutoka nyuma, huyu anaita kwa sauti akiwa mbele, kwa hiyo chochote kilichoko njiani kinamkuta yeye kwanza. Yule mzee ndo alinipa mahubiri, mimi nilikuwa nimeandaa maelezo tu.

Mtego wa pili unatokea Jumapili ya tano mpaka ya saba. Muumini anajiuliza, huyu Yesu si amefufuka mwezi uliopita, mbona anaaga tena kama ndo anaenda kusulubiwa? Na ni kweli kalenda imerudi nyuma, ni maneno ya usiku wa karamu ya mwisho. Yanasomwa sasa kwa sababu Kupaa kunakaribia na Roho anaahidiwa mle. Sema hilo dakika ya kwanza kabisa, usipolisema watu wanatumia dakika zote ishirini kujaribu kupanga tarehe kichwani. Na la tatu kwa ufupi, ukifika "kwa hofu ya Wayahudi" kwenye 20:19, kumbuka waliojifungia ndani walikuwa Wayahudi wote, na anayetokea katikati yao naye ni Myahudi. Nimesikia mahubiri yaliyoanzia pale yakaishia kwenye siasa za kwenye taarifa ya habari.

Ukishika Matendo

Muda. Hapa unapumua. Ni hadithi, ina watu, ina safari, ina gereza, ina kelele za barazani, mtu akishasoma sura mara mbili ameshaishika. Kinachokula muda ni kuunganisha, maana kalenda inarukaruka. Chukua mwaka A kwa Wakatoliki: Jumapili ya pili wanasoma 2:42-47, waumini wa kwanza wakiishi pamoja, halafu wiki mbili zinazofuata wanarudi nyuma kwenye hotuba ya Petro iliyozaa hao waumini. Wale wa kalenda ya pamoja wameinyoosha, hotuba kwanza kisha matunda. Na wote wawili wanasoma hotuba ya siku ya Pentekoste wiki kadhaa kabla ya Pentekoste, ambayo ukiifikiria inachekesha kidogo. Kanisani kwetu mchungaji aliniruhusu mwaka mmoja nipange mwenyewe kwa mfululizo, sura baada ya sura, ikasaidia sana, lakini omba ruhusa kwanza.

Kusoma Matendo kipindi hiki ni desturi ya zamani mno, na kutokuijua nako ni kwa zamani. Askofu Yohana Krisostomu alihubiri kitabu hiki kwa mfululizo kule Konstantinopoli mwaka 400 hivi, na mahubiri ya kwanza kabisa alianza kwa kulalamika kwamba wengi hata hawajui kama kuna kitabu hicho. Kwa hiyo ukiona watu wako hawamjui Anania yupi ni yupi usife moyo, wako watatu.

Aliyekosa wiki iliyopita, huyu anaumia. Inakuwa kama tamthilia, ukikosa sehemu moja unamuuliza jirani "huyu Stefano katoka wapi?" Dawa yake ni dakika mbili mwanzoni za kukumbusha, sio tano, ni mbili, na mwisho uwaachie kitu cha kuwarudisha.

Jumatatu. Matendo hayampi mtu picha sana, yanampa la kufanya. Nikupe mfano mmoja maana ndo ulionifanya nikipende hiki kitabu. Sura ya 6, wajane wa wale wanaoongea Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yanaanza. Mitume hawakuwanyamazisha. Wanaita watu wote, wanachaguliwa saba, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaani ufunguo wa stoo wakapewa wa upande ule ule uliokuwa unalalamika! Nikalieleza hilo nikaketi. Tunatoka nje bibi mmoja wa Kigogo, kavaa kaniki yake, akaniita pembeni. "Mwanangu, leo umetusema. Sasa na sisi matangazo mtatusomea lini kwa Kigogo?" Sikuwa nimemfikiria kabisa, mimi nilikuwa nawaza wajane wa Yerusalemu. Ibada yetu ni ya Kiswahili, wageni wamekuwa wengi tangu mji ukue, na wale bibi wa safu ya nyuma kumbe walikuwa wanaondoka kila Jumapili hawajui lini kuna kazi ya kanisa, lini kuna ubatizo. Wazee wa kanisa wakakaa, na siku hizi matangazo yanasomwa mara mbili.

Mtego. Ule mstari wa "walikuwa na vitu vyote shirika" unamvuta mhubiri kwenye harambee kama sumaku. Jengo halijaezekwa, bati zimepanda bei, na hapa kuna watu wanauza mashamba wanaleta pesa miguuni pa mitume, nani ataacha? Waumini wanajua, wakisikia tu 2:44 wanashika mikoba. Mle ndani pesa zilikuwa zinaenda kwa mtu kadiri ya uhitaji wake, jengo halikutajwa. Halafu usilifanye kanisa la kwanza kuwa la malaika, sura ya 5 Anania na Safira wanadanganya, sura ya 6 watu wananuna kwa chakula. Na Petro anaposema "mliyemsulibisha" anaongea na watu wa kwao mwenyewe, mjini kulikotokea hayo, wiki saba tu baadaye, usiichukue ukaifanya fimbo ya kuchapia taifa zima.

Ukishika Waraka

Muda. Ndo ghali kuliko yote. Hakuna hadithi, ni hoja, na 1 Petro anaanza na pumzi moja ndefu, kwenye Kiyunani kuanzia 1:3 mpaka 1:12 ni sentensi moja (na mimi nalaumiwa kwa sentensi ndefu). Unahitaji kujua anaandika kwa nani na kwa nini kabla hujafungua mdomo. Nilichojifunza ni kuisoma barua nzima kwa mkao mmoja Jumatatu ya kwanza, sura tano tu, nusu saa imeisha, baada ya hapo vipande vya kila wiki vinakuwa na mwenyewe.

Aliyekosa wiki iliyopita inategemea unavyohubiri. Ukienda na hoja inavyojengwa anapotea, ukichukua mstari mmoja ukakaa nao hapotei.

Jumatatu. 1 Petro imeandikwa kwa watu waliotawanyika, Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, anawaita wapitaji na wasafiri. Sasa angalia Dodoma yetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulikuwa wa 1973 lakini serikali ilianza kuhama kwa kishindo kuanzia 2016, na kanisani una mtumishi wa wizara anayeshuka Mtumba familia imebaki Dar, una mwanafunzi wa UDOM wa Kagera, una fundi wa Iringa anayelala saiti Iyumbu. Huyo ukimwambia "wapitaji na wasafiri" humpi somo la historia, umemtaja kwa jina. Na Jumapili ya tano mwaka A ni mawe yaliyo hai, 2:4-9, mji ambao kila ukigeuka kuna lori la mawe na kokoto, mafundi wangu wawili wa safu ya kati siku hiyo hawakusinzia, mmoja akaniambia baadaye jiwe lililokataliwa na waashi analijua, ni lile ambalo halina uso wa kukaa, unalirusha pembeni, na mara nyingine ndo linalokuja kufaa kona.

Mwaka B, 1 Yohana, ni kupendana, kupendana, kupendana, tamu wiki ya kwanza, wiki ya nne unatafuta namna mpya ya kusema lile lile. Mwaka C, Ufunuo, ni mwingine kabisa. Hapa wenye msiba ndo wanapopata chao, sura ya 7 Mungu anafuta kila chozi, sura ya 21 mauti haipo tena.

Mtego wa waraka ni mmoja mkubwa na nautaja kwa uchungu. Jumapili ya nne mwaka A somo la pili ni 1 Petro 2, Kristo akitukanwa hakurudisha tukano. Kalenda inaanzia mstari wa 19 au katikati ya wa 20, ule wa 18 umeachwa, na wa 18 ndo unaosema anaongea na nani: watumishi wenye mabwana wakali, watu ambao sheria ya wakati ule haikuwapa pa kukimbilia. Ukiukata huo mstari maneno yanaelea, yanamwangukia yeyote. Mimi niliyaacha yakaelea. Nilihubiri uvumilivu wa mateso kwa sauti ya juu kabisa, nikashuka nikiwa nimejisikia vizuri, na wiki hiyo nikasikia kwamba mama mmoja aliyekuwa ameondoka nyumbani kwa kipigo amerudi, "kwa sababu neno limesema." Tangu siku hiyo nikilihubiri hilo somo nausoma na mstari wa 18, na nasema wazi wazi kwamba Petro hajamwambia mtu yeyote arudi kupigwa, na kwamba aliye na mlango autumie, na ofisi ya mchungaji na dawati la jinsia polisi viko wazi. Kama huna uhakika utalisema hivyo, siku hiyo shika Injili.

Na kuyaunganisha yote matatu?

Nitapita haraka. Wapo wanaoweza, mimi mara nyingi siwezi. Miezi mingine somo la kwanza linachaguliwa liendane na Injili kwa hiyo kamba ipo tayari, ila kipindi cha Pasaka Matendo yanaenda njia yake na waraka njia yake, ukilazimisha unaishia kuunganisha kwa neno moja tu lililojirudia. Kuna siku inakubali yenyewe, kwa mfano Jumapili ya sita mwaka A kwa Wakatoliki, Matendo 8 watu wa Samaria wanawekewa mikono wanapokea Roho, na Yohana 14 Yesu anaahidi Msaidizi, hapo ahadi na utimilifu viko mkononi. Siku nyingine acha masomo mawili yasomwe tu, wasomaji wayasome vizuri, Neno likisomwa vizuri linafanya kazi bila wewe.

Sasa wewe uko wapi

Kama ni mara yako ya kwanza kupanda madhabahuni, na mara nyingi mchungaji anakupa Jumapili ya pili kwa sababu yeye amechoka na Juma Kuu, usijitese, chukua Tomaso. Mlango umefungwa, mtu mmoja hayupo, siku nane baadaye yupo. Hadithi inajibeba.

Kama uko mtaa mmoja wiki zote na watu wako ni wale wale, jumuiya ndogo, mnajuana mpaka majina ya mbuzi, Matendo yatakufaa kuliko kitu kingine, maana mtapata la kufanya pamoja na wiki ijayo mtaulizana mlifikia wapi. Hilo hilo kwa katekista anayeongoza ibada padri akiwa kigango kingine, ila tumia mistari ya kalenda yenu, usihamishe. Kama wewe ni wa kuzungushwa, leo huku kesho kule, Matendo yaache, utakuwa unaanzisha hadithi usizozimalizia.

Kanisa la mjini lenye wageni wengi, kwa mwaka A kama 2026 ningeshika 1 Petro bila kusita sana, mwaka B ningeenda Injili kwa ajili ya mzabibu. Vijijini kwa wafugaji, Jumapili ya nne ni Injili tu, ila nenda zizini kwanza katikati ya wiki, usije ukaulizwa nilichoulizwa mimi. Na mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili, kwa hiyo hiyo ya Mchungaji Mwema inaangukia tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano. Utashawishika kuwahubiria viongozi ambao hawapo kanisani. Waliopo ni wazazi, walimu, mwenyekiti wa kitongoji na mweka hazina wa kikoba, nao wote wana kundi.

Kama wiki hiyo mmezika, usiende na mpango wako. Yohana 14 mwaka A, "msifadhaike mioyoni mwenu", au Ufunuo mwaka C, na uwe mfupi.

Na wewe unayenipigia Jumamosi saa tatu usiku hujaandaa kitu, nakuelewa, duka nalo lina hesabu za jioni. Chukua Injili. Isome kwa sauti mara tatu, ya tatu umsomee mtu wa nyumbani, funga Biblia, muulize amesikia nini, anzia hapo alipokujibu. Mwaka 2023 tulikuwa na Emau, nikamsomea mke wangu akiwa anaosha vyombo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza umbali, kilomita kama 11, kutoka mjini kupita Nanenane kwa miguu. Akasema, "Wamemtambua kwenye mkate, wakaondoka saa ile ile. Sasa kile chakula alikula nani?" Nikachana karatasi yangu, nikaanzia kwenye chakula kilichoachwa mezani.